Msidhani Yumo Msafarani

Wazazi wapendwa katika Bwana, neno langu leo ni kwenu mlio na mtoto wa darasa la saba ambaye walimu wanamsifu na wenzake wanamkwepa. Fungueni Luka sura ya 2, someni kuanzia mstari wa 41 hadi mwisho. Kijana wa miaka 12 amepanda Yerusalemu na wazazi wake kwa sikukuu ya Pasaka. Sikukuu imekwisha, watu wanarejea makwao kwa makundi. Yusufu na Mariamu wanatembea kutwa nzima bila kumwona, na hawana wasiwasi, maana wanadhani yumo msafarani pamoja na ndugu na jirani. Jioni wanamtafuta. Hayumo! Siku tatu zinapita ndipo wanampata hekaluni, ameketi kati ya walimu, anasikiliza, anauliza, na wazee wanashangaa kwa majibu yake.

Hao hawakuwa wazazi wazembe. Walimpenda mwana wao kuliko tunavyoweza kusema. Lakini waliona watoto wengi njiani, vumbi limetimka, sauti za vijana zinasikika mbele na nyuma, wakaridhika. Nami nawauliza, ninyi mnaojaza fomu za kidato cha kwanza: mna hakika mwanenu yumo msafarani?

Mnamjua mtoto ninayemsema. Amesoma atlasi mpaka imechanika. Mtajie nchi, atakupa mji mkuu, mto na sarafu. Kwenye harusi wenzake wako nje wanakimbizana, yeye ameketi na babu zake anawauliza habari za vita vya Kagera. Humsahihisha mwalimu mbele ya darasa zima, kisha hajui kwa nini mwalimu amenuna. Utani ukipita, yeye hucheka wenzake wameshanyamaza, au hulia kwa neno lililokuwa mzaha tu. Akipenda jambo moja, tuseme injini za treni, atalisimulia mpaka msikilizaji aondoke, wala hatatambua kwamba ameachwa. Mapumziko ya saa nne utamkuta ameegemea ukuta. Shule ya Jumapili anajibu maswali yote, halafu anarudi nyumbani peke yake. Wako miongoni mwa watoto wa namna hii wenye usonji, na hao wanastahili kuonwa na daktari bila aibu wala kificho. Wako wenye haya kupita kiasi. Wako waliorushwa darasa wakajikuta wadogo kuliko wenzao wote. Wote ni watoto wa Mungu, na wote wanakwenda sekondari Januari.

Matokeo yatatoka. Masomo sita, alama 300, naye atakuwa amekosa chache. Simu zitaita nyumbani kwenu kutwa. Shangazi atasema Ilboru, mjomba atasema Kibaha au Mzumbe. Akiwa binti watasema Kilakala, Msalato, Tabora Wasichana. Baba mdogo ataitaja ile shule ya binafsi yenye bango barabarani, lililojaa sura za watoto waliopata daraja la kwanza la pointi saba. Kila mmoja atauliza ufaulu. Nani atakayeuliza saa kumi jioni pale shuleni pakoje?

Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo neno langu lilipo. Vipindi vya darasani humalizika saa nane au saa tisa alasiri. Kutoka hapo hadi kengele ya asubuhi ni zaidi ya saa 15, na ndani ya saa hizo ndimo mwanenu atakamoishi. Darasani hana shida! Darasani kuna utaratibu: mwalimu anauliza, anayejua anajibu, na yeye anajua. Taabu yake iko pale ambapo hakuna utaratibu ulioandikwa popote. Iko kwenye foleni ya bomba na ndoo mkononi. Iko bwaloni, ameshika sahani, hajui aketi meza ipi. Iko bwenini taa zikishazimwa. Iko Jumamosi ya kufua, mkubwa anapomwita njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, na kumwagiza alete sabuni yake, na yeye, kwa unyofu wake wote, anamjibu kwamba sabuni ile ilinunuliwa na mama kwa matumizi ya muhula mzima. Mnajua kitakachofuata.

Kwa hiyo nasema, na nitasema tena: mtoto wa namna hii mchagulieni shule kwa kuzitazama zile saa 15. Ufaulu mtautazama baadaye. Mtoto mwenye akili atajifunza mahali popote palipo na vitabu, mwalimu na usingizi wa kutosha. Mtoto mwenye akili anayeogopa kwenda chooni usiku hatajifunza popote.

Najua mtakalonijibu. Mtasema, mpelekeni bweni akachangamke. Baba wengi husema, na wanasema kwa nia njema, kwamba kijana akalale na wenzake 60 chumba kimoja, akapigishwe mchakamchaka, atarudi mtu mzima. Na tuna methali ya kuitetea kauli hiyo, ile ya asiyefunzwa na mamaye kufunzwa na ulimwengu. Wapendwa, methali hiyo ni onyo! Wahenga waliona mtoto aliyekosa mafunzo ya mama akiangukia mikononi mwa ulimwengu, wakatutahadharisha. Sisi tumeifanya ratiba ya malezi. Mvuvi hamfundishi mwanawe kuogelea kwa kumtupa kwenye mkondo usiku. Humshika tumbo penye maji ya kiunoni, kwanza.

Mtoto asiyejua kusoma uso wa mwenzake hafundishwi kwa kuzungukwa na nyuso nyingi kwa wakati mmoja. Anazidiwa. Ananyamaza. Anafua nguo za wengine, tranka lake linavunjwa, godoro lake linamwagiwa maji, naye hasemi, kwa kuwa ameshajifunza kwamba anayesema huitwa mchongezi. Ikifika mitihani ya muhula alama zinashuka, mwalimu wa darasa anaandika kwenye ripoti kwamba amezembea, na ninyi mnamgombeza siku ya kumtembelea, nusu saa yote ya thamani mliyopewa, kwa habari ya hisabati. Mtoto anawatazama tu. Ee mzazi, umemfuata mtoto wako safari ya siku nzima ndani ya basi, na umeondoka bila kumwona!

Mwaka 2023 Serikali yetu ilizuia huduma ya bweni kuanzia elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kusudi watoto wale wakae na wazazi wao na kulelewa nao. Tulishukuru wengi. Sasa hesabuni umri wa mwanenu kwa uaminifu. Kwenye cheti cha kuzaliwa ana miaka 13. Kwenye sayansi ana 17. Kwenye kuishi na wenzake, kwenye kujua lini aombe, lini akatae, lini aondoke, pengine ana 8. Mtakayemshusha na tranka lake getini ni yupi kati ya hao watatu? Wanashuka wote, na yule wa miaka 8 hakuna mwalimu atakayemwona, kwa sababu yule wa 17 ameinua mkono darasani.

Rudini kwenye Luka. Kijana amepatikana Yerusalemu, katika mahali pa elimu pa juu kuliko pote katika taifa lile. Walimu wakubwa wamemkubali. Kama ingekuwa leo, wazazi wangeambiwa wamwache hapo hapo, na ukoo mzima ungechanga. Alifanya nini? Alishuka pamoja nao mpaka Nazareti akawatii. Nazareti! Kijiji ambacho Nathanaeli, katika Yohana sura ya 1, alitilia shaka kama kinaweza kutoa chochote chema. Ni huko, kwenye nyumba ya fundi seremala, ambako Luka anatuambia kijana alikua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na watu. Angalieni kwamba mwinjili hakuishia kwenye hekima. Amewataja na watu. Mambo hayo yalikua kwa pamoja, na yalikua nyumbani, miaka mingi kabla hajasimama mbele ya makutano.

Basi nawatamkia lililo moyoni mwangu, ingawa baadhi yenu litawaudhi. Mkiwa na shule mbili mbele yenu, moja ya bweni yenye jina kubwa ambako hakuna mtu mzima atakayemjua mwanenu kwa jina kabla ya Pasaka, na nyingine ya kata, ya kutwa, yenye mwalimu mmoja wa fizikia aliyempenda tangu siku ya kwanza, na mtoto anarudi jioni kuketi jikoni na mama yake akamsimulia nani alimwambia nini: chagueni ya kata. Chagueni bila kuona haya. Mlango wa bweni haujafungwa kwa hilo. Baada ya mtihani wa kidato cha nne kuna kidato cha tano, na wanafunzi wengi wa kidato cha tano hupangiwa shule za bweni. Kijana atakwenda akiwa na miaka 17 au 18, kati ya wenzake waliochagua mchepuo uleule anaoupenda, akiwa amepata miaka minne ya kufundishwa kila jioni, maji yakiwa kiunoni.

Siwafichi kwamba kutwa nayo ina mitego. Kama shule iko mbali mpaka mtoto apangishiwe geto, akae humo na wenzake bila mlezi, basi geto ni baya kuliko bweni, maana bweni walau lina patroni. Kama ni safari ya daladala mbili na makonda wanaowasukuma wanafunzi mlangoni, mjaribu njia hiyo pamoja naye, asubuhi ileile ya msongamano, kabla hamjaamua. Na mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili atakuta masomo yamegeuka Kiingereza. Hata huyu mwenye akili nyingi anaweza kunyamaza miezi kadhaa, na wenzake wakapata sababu mpya ya kumcheka. Mwandalieni hilo mapema.

Tena sisemi bweni ni dhambi. Samweli alilelewa mbali na kwao. Wako watoto wa aina hii ambao mara ya kwanza maishani kupata rafiki ilikuwa kwenye shule ya vipaji maalumu, kwa sababu huko walikuta kumbe kuna wengine wanaosoma atlasi, wanaocheza sataranji chini ya mwembe, wanaobishana kuhusu sayari mpaka taa zizimwe. Kwa mtoto kama huyo, kumzuia nyumbani kungekuwa kumnyima watu wake. Lakini tazameni alivyofanya Hana, mama yake Samweli, 1 Samweli sura ya 2. Alimwacha mwana Shilo, na kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea mwenyewe. Nani anaweza kumshonea mtoto kanzu bila kujua amekua kiasi gani? Mama yule alijua kimo cha mwanawe wa mwaka huu, si cha mwaka jana. Na alihitaji kujua, maana nyumba aliyomwacha mtoto ilikuwa na wana wa kuhani Eli, vijana wakubwa waovu waliowapokonya watu nyama kwa nguvu, na mlezi wa nyumba alikuwa mzee ambaye macho yake yalianza kupofuka. Someni habari hiyo kama wazazi wa bweni mtatetemeka! Jina la nyumba lilikuwa takatifu, na bado wakubwa walipokonya chakula.

Kwa hiyo msiridhike na jina la mtakatifu kwenye bango. Nendeni wenyewe. Msiende siku ya mahafali, siku ambayo bendi inapiga na mawe yamepakwa chokaa. Nendeni siku ya kawaida, mfike saa kumi jioni, mkae mpaka chakula cha usiku. Simameni karibu na bwalo. Mhesabu wanaokula peke yao, na mtazame kama kuna mtu mzima yeyote anayewasogelea. Mwulizeni matroni bweni lake lina watoto wangapi, halafu mwonyesheni kwa mbali mtoto mmoja mdogo amtaje jina lake. Akimtaja, akaongeza kwamba huyu alikuwa na homa wiki iliyopita, mmepata kitu ambacho hakuna orodha ya ufaulu itakayowaonyesha. Ulizeni maktaba hufungwa saa ngapi, kwa kuwa maktaba iliyo wazi jioni ni kimbilio. Ulizeni vikundi: midahalo, sayansi, skauti, kwaya, vyama vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA au TYCS. Mtoto asiyejua kuanzisha maongezi hupata marafiki pale mikono inapokuwa na kazi. Mwulizeni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mkuu wa shule akiwa hayupo, njuka hufanywa nini wiki ya kwanza. Atatazama chini au atacheka. Vyote viwili ni jibu.

Na viboko. Mtoto huyu ataonekana mjeuri bila kukusudia, kwa sababu hujibu swali ambalo mwalimu hakutaka lijibiwe. Kanuni za mwaka 2002 zinataka adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, isizidi viboko vinne, tena iandikwe kwenye kitabu. Mwombeni mkuu wa shule awaonyeshe kitabu hicho. Shule isiyoandika haijui inachowafanyia watoto.

Mkitaka kujua mnatafuta nini hasa katika mizunguko yote hiyo, someni Kutoka sura ya 4. Musa, aliyesomeshwa katika jumba la Farao, anamwambia Mungu kwamba kinywa chake ni kizito. Mungu angeweza kuuondoa uzito ule pale pale penye kijiti kinachowaka. Hakuuondoa. Alimpa Haruni, naye Haruni alikuwa tayari yuko njiani anakuja kumlaki. Mtafutieni mwanenu Haruni! Mtu mzima mmoja shuleni, awe mwalimu, matroni, mkutubi, hata mpishi, ambaye mtoto anaweza kumwendea bila kuitwa. Na mwenzake mmoja wa rika lake. Mmoja anatosha. Kama kuna mtoto wa darasa lake la sasa anayemvumilia na kumpenda, afadhali wazazi wa pande mbili mkae mkapange waende shule moja, hata kama ni ya pili kwa ubora. Urafiki huo mmoja msiuuze kwa pointi mbili za wastani.

Wazazi, jiulizeni mbele za Mungu: mnamchagulia yeye, au mnajichagulia ninyi jambo la kusema kwenye kikao cha ukoo? Mmemwuliza mwenyewe? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na wako wazazi wacha Mungu ambao hawajawahi kumpa mtoto haki hiyo hata kwa rangi ya viatu. Ketini naye. Msimwulize kama anaogopa, atasema haogopi. Mwulizeni siku ya shule ilivyo sasa, saa kwa saa, mapumziko yalivyo, nani huketi naye. Mkisikia jina lilelile moja kila mara, mshukuruni Mungu kwa jina hilo. Msiposikia jina lolote, basi mmeshaambiwa.

Mwezi wa Desemba utumieni vizuri. Kozi ya kujiandaa na kidato cha kwanza ni njema, lakini kuna masomo ambayo kozi haifundishi. Mfundisheni kufua na kutandika, kufunga kufuli na kutunza ufunguo, kula chakula asichokipenda bila kukisema. Mfundisheni maneno yenyewe, kwa kuyaigiza jioni baada ya sala: mkubwa akikuagiza hivi, utajibu vile, wakicheka na hujaelewa, utafanya hivi. Mlazeni kwa shangazi siku kadhaa. Mkubaliane neno moja la siri ambalo akilisema kwenye simu ya matroni, ninyi mtapanda basi kesho yake, bila kuuliza maswali, bila kumlaumu akifika. Na namba 116, ya bure, inayopokea taarifa za watoto, aijue kwa kichwa kama anavyojua jedwali la kuzidisha.

Ninyi mnaoendesha shule za Kanisa, nawasihi kwa machozi. Mtoto wa ajabu aliyeketi peke yake bwaloni kwenu ameletwa kwa Bwana wenu kabla hajaletwa kwenu. Acheni kuhesabu pointi saba kwanza. Hesabuni wanaolala na hofu. Mwalimu Mkristo unayesoma haya, wiki hii mwite mmoja kwa jina lake, umpe kazi ya kupanga vitabu pamoja na mwingine mmoja. Kiranja uliyebatizwa, sahani ya njuka isiguswe mbele yako.

Na wewe mzazi, fomu za shule za binafsi zimeshaanza kutolewa, na usaili uko karibu. Usisaini fomu yoyote kabla hujafika shuleni saa kumi jioni na kubaki mpaka chakula cha usiku. Panga siku. Omba ruhusa kazini, funga duka, waambie wa kikundi chako hutakuwepo. Nenda na mtoto.